Neno "NET" kwenye mfuko wa mbolea



Siku moja hapa Mungaa mama mmoja alikuja darasani na mfuko mtupu wa mbolea. Akaweka kidole kwenye herufi tatu, N, E, T, akasoma bila kukwama: "Neti." Kisha akauliza, "Mwalimu, mbolea na neti ya mbu vinahusiana nini?" Darasa likacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, lakini swali lilikuwa zuri.

Neno hili ni la Kiingereza. Lina maana mbili zisizo na udugu. Ya kwanza mnaijua, ni wavu. Ndiyo iliyotuletea neti ya mbu, neti ya goli na mchezo wa netiboli. Ya pili Waingereza waliitoa kwa Wafaransa, na kwa Wafaransa maana yake ni "safi". Maneno hayo yamefanana sura tu, kama sisi tunavyosema paa la nyumba na paa wa porini.

Basi mfuko ukiandikwa NET 50 KG, maana yake mbolea peke yake ni kilo 50. Mfuko haumo katika hesabu hiyo. Ukiupima pamoja na mfuko wake, mzani lazima uzidi kilo 50 kidogo. Ukionyesha pungufu, uliza.

Kijana wako akiajiriwa mjini, atalikuta neno hilo kwenye karatasi ya mshahara. Hapo ni fedha anayobaki nayo mkononi baada ya makato yote.

Lakini sisi wakulima wa alizeti neno hili linatugusa zaidi siku ya kuuza. Mnunuzi anapima gunia na alizeti yake, halafu anatoa uzito wa gunia. Kinachobaki ndicho "net", na ndicho anacholipia. Kutoa si kosa, maana yeye hanunui gunia. Swali ni hili: anatoa kiasi gani?

Gunia la katani ni zito, huweza kufika kilo 1. Salfeti ya plastiki tunayotumia siku hizi haifiki hata robo kilo. Sasa mnunuzi akisema, "Natoa kilo moja kila gunia, ndiyo desturi," na wewe umeleta salfeti, amekula zaidi ya robo tatu ya kilo. Ukiwa na salfeti 20, zimekwenda zaidi ya kilo 15 za alizeti yako. Umelima, umepalilia, umefukuza ndege, halafu ati desturi!

Dawa yake ni rahisi. Salfeti moja ni nyepesi mno, mzani mkubwa hautaiona. Funga salfeti tupu 10 pamoja, zipime, kisha gawanya kwa 10. Fanya hivyo mbele ya mnunuzi kabla hajaanza kupima. Tazama pia kama mzani una alama ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo. Na usikubali lumbesa. Imekatazwa kisheria, tena kilemba kile hakiingii katika hesabu yoyote, iwe net au nyingine.

Kuhusu mafuta ya alizeti, angalia pia herufi inayofuata namba. Dumu la NET 20 L lina lita 20, si kilo 20. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Lita 1 ina uzito wa gramu 920 hivi. Lita 20 ni kama kilo 18 na nusu tu. Anayekuuzia lita kwa bei ya kilo anakupunja.

Hesabu ya kufanya nyumbani: Salfeti 8 za alizeti zimepimwa, mzani ukasema kilo 520. Salfeti tupu moja ina gramu 150. Je, alizeti yenyewe ni kilo ngapi? Ukipata kilo 518 na gramu 800, umepatia. Sasa ifanye tena kwa kutoa kilo moja kila salfeti, uone tofauti.