Kamera ya Zamani au Mpya? Yanayofaa Kujulikana Kabla ya Kikundi Kutoa Pesa

Upigaji picha ni miongoni mwa kazi zinazowapa vijana wengi riziki mijini na mashinani. Harusi, mazishi, mahafali, harambee, sherehe za shule na mikutano ya hadhara zote zinahitaji mpiga picha. Ndiyo maana vikundi vinavyoandaa mpango wa biashara ili kuomba mkopo huiweka kamera karibu na mwanzo wa orodha ya vifaa.

Swali linalozua mjadala ni hili: je, kikundi kinunue kamera ya zamani iliyotumika kwa bei nafuu, au kijikaze kinunue ya kisasa? Swali hilo si dogo. Mkopo wa kikundi hulipwa na wanachama wote, wakiwemo wale wasiojua hata kushika kamera. Kifaa kisicholingana na kazi huacha deni bila mapato, na kifaa ghali kupita mahitaji hula faida ya mwaka mzima.

Makala haya yanalinganisha kamera mbili za aina ya DSLR: Canon EOS 600D, iliyotangazwa mwaka wa 2011, na Canon EOS 250D, iliyotangazwa mwaka wa 2019. Zimetumika hapa kama mfano tu, wala si pendekezo la kununua bidhaa za kampuni fulani. Kinachozifanya zifae kulinganishwa ni kwamba zote mbili zililenga wanaoanza, zina kihisi mwanga cha ukubwa unaokaribiana, na hutumia lenzi zilezile za EF na EF-S.

Jinsi DSLR inavyofanya kazi

Ndani ya kamera ya DSLR mna kioo kilichoinama. Mwanga hupita kwenye lenzi, hugonga kioo hicho, kisha huelekezwa juu hadi kwenye kitundu cha kutazamia. Mpiga picha huona moja kwa moja kile ambacho lenzi inaona. Anapobonyeza kitufe, kioo huinuka, shata hufunguka kwa muda mfupi, na mwanga hufika kwenye kihisi kinachorekodi picha.

Kioo na shata ni sehemu zinazosogea kila picha inapopigwa, na kila kinachosogea huchakaa. Kwa hiyo umri wa kamera ya DSLR haupimwi kwa miaka pekee, bali pia kwa idadi ya picha ambazo imepiga.

Megapikseli zisimpofushe mnunuzi

Muuzaji hupenda kuanza na megapikseli. EOS 600D ina megapikseli 18, na EOS 250D ina 24. Ukitazama haraka, ongezeko hilo ni thuluthi moja. Hata hivyo, pikseli hizo hugawanywa kwa upana na kwa urefu wa picha. Ile ya zamani hutoa picha ya pikseli 5184 kwa 3456, na ile mpya 6000 kwa 4000. Kwa upana, tofauti ni takriban asilimia 16 tu.

Picha ya ukubwa wa A4 ikichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, ambacho ni kiwango kizuri cha uchapishaji, huhitaji pikseli 3508 kwa 2480. Hizo ni chini ya megapikseli 9. Kamera ya mwaka wa 2011 ina angalau mara mbili ya kiasi hicho. Kwa picha za pasipoti, albamu za harusi, vyeti na kalenda za ukutani, mteja hawezi kuona tofauti ya megapikseli kati ya kamera hizi mbili.

Megapikseli za ziada husaidia pale mpiga picha anapolazimika kukata sehemu ya picha na kuikuza, kwa mfano alipomnasa mchezaji kutoka mbali uwanjani. Hiyo si kazi ya kila siku kwa studio nyingi.

Ukumbi wenye giza

Kanisa lenye madirisha madogo, hema wakati wa jioni na ukumbi wa shule wenye balbu chache ni mitihani mikubwa kwa kamera. Uwezo wa kamera kupokea mwanga hafifu hupimwa kwa kipimo cha ISO. EOS 600D hufika ISO 6400, na inaweza kusukumwa hadi 12800. EOS 250D hufika 25600, na inaweza kusukumwa hadi 51200. Katika kila kamera, kadiri ISO inavyopandishwa ndivyo picha inavyojaa chembechembe na rangi zake kufifia, kwa hivyo viwango vya juu kabisa havifai kwa picha ya kuuzwa.

Kamera mpya ina nafuu hapa, lakini kuna njia ya bei ya chini ambayo wanunuzi wengi huisahau: lenzi. Lenzi ndogo ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera hizi, ikivutwa hadi karibu na milimita 50, hufunguka hadi f/5.6 pekee. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 huruhusu mwanga unaozidi huo kwa zaidi ya mara 9. Ongezeko hilo ni kubwa kuliko lile linalopatikana kwa kutoka ISO 6400 hadi 25600, ambalo ni mara 4.

Kwa maneno mengine, kamera ya zamani yenye lenzi nzuri inaweza kuishinda kamera mpya yenye lenzi ya kawaida ndani ya ukumbi wenye giza. Tena, kamera ikifa lenzi hubaki, na inaweza kufungwa kwenye kamera nyingine ya DSLR ya kampuni hiyo. Kasoro yake ni kwamba lenzi ya milimita 50 haivuti wala kupanua. Ni nzuri kwa picha ya bwana na bibi harusi, lakini kwa picha ya ukoo mzima mpiga picha atahitaji kurudi nyuma sana, au kubadilisha lenzi.

Video ndipo tofauti ilipo

Kwa picha za kawaida, pengo kati ya kamera hizi mbili si kubwa. Ukitazama kupitia kitundu, zote zina vituo 9 vya fokasi. Kwenye video, mambo hubadilika.

EOS 600D hurekodi video ya Full HD, lakini haiwezi kumfuata mtu kwa fokasi mfululizo wakati wa kurekodi. Bi harusi anapotembea kuelekea kwenye kamera, mpiga picha ni lazima azungushe lenzi kwa mkono. Pia, faili moja haizidi GB 4, na kwa video ya ubora wa juu hiyo ni takriban dakika 12. Kurekodi hukatika, na mpiga picha akisahau kubonyeza tena, sehemu ya hotuba hupotea. Katika mazishi au kuapishwa kwa viongozi, hakuna nafasi ya kurudia.

EOS 250D ina mfumo wa fokasi uitwao Dual Pixel, ambao hutumia pikseli za kihisi chenyewe kupima umbali. Katika video ya Full HD humfuata mtu kwa ulaini bila mpiga picha kugusa lenzi, na hurekodi hadi karibu dakika 30 kabla ya kusimama. Aidha, hurekodi video ya 4K. Hata hivyo, inaporekodi 4K eneo linaloonekana hupungua, na mfumo wa Dual Pixel haufanyi kazi. Anayenunua kamera hii kwa sababu ya neno 4K anapaswa kulijua hilo mapema.

Kamera zote mbili zina tundu la maikrofoni ya nje, na zote zina skrini inayofunguka na kugeuka. Hakuna hata moja yenye tundu la kusikilizia sauti inayorekodiwa, kwa hiyo majaribio ya sauti kabla ya shughuli ni ya lazima.

Betri, kasi na simu

Kwa vipimo vya mtengenezaji, betri iliyojaa ya EOS 600D hupiga takriban picha 440 na ile ya EOS 250D takriban 1,070 mtu akitumia kitundu cha kutazamia. Mahali ambapo umeme hupotea mara kwa mara, tofauti hii ni pesa. Anayenunua ya zamani aweke kwenye bajeti betri ya pili, na akumbuke kwamba betri za kamera hizi mbili haziingiliani.

Kamera ya zamani hupiga picha 3.7 kwa sekunde, na mpya 5. Mpya ina uzito wa takriban gramu 449, ya zamani takriban 570. Vilevile, mpya ina Wi-Fi na Bluetooth, hivyo picha huweza kuhamishwa hadi kwenye simu na kumfikia mteja kabla hajatoka uwanjani. Kwa ile ya zamani, mpiga picha hutoa kadi na kutumia kisomaji kadi.

Tahadhari kuhusu flashi

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wapiga picha wengi hutumia flashi za bei nafuu na vifaa vya kuziwasha kutoka mbali. Vingi kati ya vifaa hivyo hutegemea ncha moja ya chuma iliyo katikati ya kishikio cha flashi juu ya kamera. EOS 600D ina ncha hiyo. EOS 250D haina. Flashi inayotegemea ncha hiyo pekee haitawaka kwenye kamera mpya, hata kama ni nzima kabisa.

Kikundi chenye flashi zake tayari kizibebe dukani na kuzijaribu kabla ya kulipa. Vinginevyo gharama ya kununua flashi nyingine itaongezeka juu ya bei ya kamera.

Kukagua kamera iliyotumika

Kampuni kubwa za kamera zimeelekeza nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo. Canon na Nikon zote zilianzisha mifumo mipya ya lenzi kwa kamera hizo mwaka wa 2018. Matokeo yake ni kwamba DSLR nyingi zilizotumika ziko sokoni. Mnunuzi anashauriwa kufanya yafuatayo:

- Apige picha ya anga au ukuta mweupe kwa f/16, kisha aikuze. Madoa meusi ni vumbi kwenye kihisi. Mistari au nukta zenye rangi zisizobadilika huashiria hitilafu.
- Apige picha 20 au zaidi mfululizo na kusikiliza. Shata ikikwama au kamera ikionyesha ujumbe wa hitilafu, aachane nayo.
- Aulize idadi ya picha zilizopigwa. Kamera hizi mbili haziionyeshi kwenye menyu, hivyo fundi mwenye programu maalumu anaweza kusaidia.
- Afungue na kuigeuza skrini kila upande, na ajaribu tundu la maikrofoni na la kadi.
- Atazame betri. Iliyovimba isitumike.
- Adai risiti yenye nambari ya kamera na jina la muuzaji. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na bei ya chini kupita kiasi ni dalili ya kutosha ya kuuliza maswali.

Kazi ichague kamera

Kikundi kinachopiga picha za pasipoti, za shule na za familia kinaweza kuhudumia wateja wake vyema kwa kamera ya mwaka wa 2011, na pesa zilizobaki zikanunua lenzi ya f/1.8, betri ya pili na stendi ya miguu mitatu. Kikundi kinachotegemea video za harusi, hotuba na matangazo kitapata faida zaidi kwa kamera mpya, kwa sababu ya fokasi yake na muda mrefu wa kurekodi.

Wanaolenga zabuni za serikali wasome masharti kwanza. Asilimia 30 ya nafasi za ununuzi wa umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa AGPO. Zabuni ikitaja video ya 4K, EOS 600D haitafaa hata ikiwa katika hali nzuri kiasi gani.

Anayefungua studio anahitaji leseni ya biashara ya kaunti. Akumbuke pia kwamba picha inayomtambulisha mtu ni data ya kibinafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019. Kabla ya kutumia picha ya mteja kwenye bango au mtandaoni, idhini iombwe, na kwa mtoto idhini itoke kwa mzazi au mlezi.

Kabla ya kutia sahihi ya mkopo, wanachama waketi pamoja na kuandika kazi tano walizofanya au wanazotarajia kufanya mwezi ujao. Kando ya kila kazi waandike kama ni picha au video, mchana au usiku, ndani au nje. Orodha hiyo ndiyo itakayowaonyesha kamera inayowafaa, na ndiyo waende nayo dukani.