Rozela na mishipa ya damu

Kinywaji chekundu cha rozela, kijulikanacho pia kama choya nchini Tanzania na karkade nchini Misri na Sudan, husifiwa na wengi kuwa hushusha shinikizo la damu. Je, hufanyaje kazi?

Shinikizo hupanda pale mishipa inapobana na moyo kulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi. Mwilini kuna kimeng'enya kinachotengeneza angiotensini, homoni inayoibana mishipa hiyo. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa viini vinavyoipa rozela rangi yake hupunguza nguvu ya kimeng'enya hicho, na mishipa hulegea.

Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha watu wazima 65. Waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, kipimo chao cha juu kilishuka kwa wastani wa milimita 7 za zebaki; kwa wenzao waliopewa kinywaji kisicho na rozela kilishuka kwa takriban 1 tu.

Hata hivyo, washiriki hao hawakuwa wakitumia dawa, na shinikizo lao halikuwa kali. Baadhi ya vidonge hukizuia kimeng'enya hicho hicho, hivyo kuvichanganya na rozela huenda kukashusha shinikizo kupita kiasi. Kuviacha ni hatari zaidi, kwani kiharusi hakipigi hodi. Ni vyema mgonjwa amweleze daktari wake anachokunywa.