Siku Tuliyonuniana Mbele ya Pipa la Petroli

Mwezi huu sikuletei stori ya shoga yangu wala ya jirani. Nakuletea ya kwangu mwenyewe, na nikwambie ukweli, nilijiuliza mara tatu kama niichape au nikae nayo kimya. Kukaa kimya ndiko kulikotaka kunifanya mjane, kwa hiyo naichapa.

Ilikuwa likizo ya Juni 2024. Mimi na baba watoto tulikuwa tumeweka hela kidogo kidogo kwa ajili ya wiki moja Unguja, sisi wawili tu. Siku nne kabla ya safari akaniambia, huku akifunga kamba za viatu, kwamba tunakwenda Sepuka. Hela ya Unguja alishaanza kuitumia: kanunua diski za kukatia, msasa, puti na rangi. Eti tunakwenda kutengeneza pikapu ya marehemu baba yake.

Nilinuna, jamani. Kutoka Dar es Salaam mpaka Singida ni karibu kilomita 700, na nilinuna zote. Tulipita Dodoma nimenuna, tulipita Manyoni nimenuna, na Ikungi tulikonunua kuku sikusema hata bei ni ghali.

Pikapu chini ya mti

Sepuka iko wilaya ya Ikungi, nchi ya Wanyaturu, nchi ya alizeti na kuku wa kienyeji. Mwezi Juni ni msimu wa kuvuna, na kila uwanja unakuta vichwa vya alizeti vimeanikwa juani. Nyuma ya nyumba ya mama mkwe, chini ya mti, ndipo ilipokuwa pikapu, miaka minne haijatoka. Injini ilikuwa nzima. Bodi ndiyo ilikuwa imeliwa: madigadi ya nyuma yametoboka, na sakafu ya kubebea mizigo ilikuwa na tundu ambalo mwanangu aliingiza mguu wote.

Mume wangu alikuwa na hoja, ila sikutaka kuisikia. Kila msimu mama yake hukodi gari kupeleka magunia ya alizeti mashineni, na hela ya kukodi inakula faida. Pikapu ikitembea, mama anapumua. Kumpeleka fundi wa mjini ni gharama, kwa hiyo atakata bati mwenyewe hapo hapo uwanjani. "Nimeona mafundi Gerezani wakifanya," alisema. Mimi nikajisemea moyoni, na mimi nimeona marubani wakirusha ndege.

Karatasi ya boksi kwanza

Siku ya kwanza alikata kwa macho. Alikuwa amenunua Singida mjini bati jeusi, lile lisilopakwa zinki, geji 20, unene wake kama milimita 0.9, karibu sawa na bodi ya gari yenyewe. Bati la paa halifai kazi hii. La geji 28 ni kama nusu ya unene huo, na zinki yake ikiungua wakati wa kuchomelea hutoa moshi unaoleta homa na kutetemeka usiku kama malaria. Maziwa wanayokunywa mafundi hayazuii hiyo homa. Kinachosaidia ni kutouvuta huo moshi.

Basi akaweka bati juu ya tundu, akachora kwa chaki, akakata kwa mkasi wa bati. Kiraka kikatoka kidogo kuliko tundu! Nilicheka peke yangu jikoni, na sikuficha kwamba nacheka. Sasa hivi kicheko kile kinaniuma.

Jioni akaja baba mdogo, mdogo wake marehemu, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye gereji akinyoosha bodi. Alitazama kile kiraka, akakitupa pembeni bila neno, akaomba boksi tupu la kiberiti cha jumla.

"Mwanangu, bati halikatwi kwanza. Inakatwa karatasi."

Akatuonyesha. Kwanza unaondoa kutu yote mpaka ufikie chuma cheupe kinachong'aa. Kutu ni kama jino bovu, ukifunika bila kutoa, inaendelea kula chini kwa chini. Matundu ya digadi mara nyingi huanzia ndani, pale tope linapokwama na kushika unyevu, kwa hiyo unaloliona nje ni dogo kuliko ugonjwa wenyewe. Ukishapata tundu lako la kweli, unakata karatasi ya boksi, unaipachika, unapunguza, unaipachika tena. Karatasi ikikaa ndipo unaichora kwenye bati, na unaongeza sentimita moja pande zote kama kiraka kitalala juu ya bodi. Kona unazifanya za mviringo, kwa sababu kona kali ndiko ufa unakoanzia.

Mkasi nao una adabu yake. Usiufunge mpaka mwisho kwenye kila mkato, acha kidogo kisha sogea mbele, la sivyo kila ulipofungia panabaki jino. Na unakata nje ya mstari, halafu unamalizia kwa tupa. Ukizidisha utapunguza, ila ukipunguza mno hakuna wa kukurudishia.

Mume wangu alisikiliza kama mwanafunzi. Nikagundua kitu: alikuwa hajawahi kufanya kazi hata moja ya mikono na baba yake. Ndiyo kwanza anafundishwa, na anayefundisha ni mdogo wa baba, juu ya gari la baba. Niliona. Lakini nilikuwa bado nimenuna.

Lile pipa

Siku ya tatu bati likaisha, maana kipande kizuri kilikwenda kwenye ule mkato wa macho. Sakafu ilikuwa bado. Nyuma ya jiko la mama mkwe kulikuwa na pipa tupu la lita 200. Chuma cha pipa ni kigumu na kinene, mafundi wengi wanakipenda kwa sakafu. Nikamwona baba watoto analiviringisha mpaka uwanjani, anavuta waya wa umeme, anachomeka grainda ya kuazima.

Asubuhi ile ile, tukichambua mchicha, mama mkwe alikuwa amenisimulia habari za marehemu. Katika maneno yake alisema pipa lile ndilo alilokuwa akiwekea petroli.

Mimi nilijua. Mume wangu, aliyeishi Dar miaka kumi na tano, hakujua. Sikujua kama pipa tupu linalipuka, hilo naapa. Lakini nilijua kitu kinachohusu kazi yake, na sikukisema, kwa sababu nilikuwa nimeamua kwamba mtu anayepanga likizo peke yake akate na mapipa yake peke yake.

Alishavaa miwani. Kidole kiko kwenye swichi. Baba mdogo ndiyo anaingia uwanjani.

"Hilo pipa lilikuwa na nini?"

"Maji, nadhani."

Kimya. Mzee akanitazama mimi, sijui kwa nini. Nikasema kwa sauti ndogo, "Petroli. Mama kaniambia asubuhi."

Baba mdogo hakumjibu mtu. Alikwenda kwenye soketi akang'oa plagi kwa nguvu mpaka waya ukaruka. Halafu akakaa chini, mzee wa watu, mikono inamtetemeka.

Alipotulia akatueleza. Petroli ikimwagwa yote, mvuke wake unabaki, ni mzito kuliko hewa na unalala chini ya pipa. Kwenye mikunjo ya chuma pia hubaki mabaki. Kijiko kimoja au viwili vya chakula vinatosha kujaza pipa zima mvuke unaoweza kulipuka. Ndiyo maana pipa "tupu" ni hatari kuliko lililojaa: ndani yake kuna mvuke na hewa pamoja, na grainda inaleta cheche. Kuchungulia, kunusa au kusuuza kwa maji hakutoshi. Watoto wetu wawili walikuwa hatua sita kutoka pale, wanakula mbegu za alizeti.

Usiku ule

Tuliongea mpaka jogoo. Niliomba msamaha kwanza mimi. Yeye akaomba wa Unguja, na akasema kitu ambacho hakuwahi kusema: kwamba aliogopa kuniuliza kwa sababu nikikataa angeshindwa kunieleza kwa nini gari bovu linamliza. Mume wangu alikuwa amezika baba yake bila kulia. Alilia usiku ule.

Wengi wetu tunadhani kununa ni silaha ndogo, ya kumkomesha mtu siku mbili tatu yaishe. Dada yangu, kaka yangu, nuna ukitaka. Ila kinachohusu usalama wa mwenzio kiseme hata kama midomo imevimba.

Ukitaka kukata bati nyumbani

- Nunua bati jeusi jipya: geji 20 kwa madigadi na milango, geji 18 kwa sakafu. Shiti zima ni futi 8 kwa 4, waombe wakukatie kipande.
- Pipa, tangi au kopo lililobeba mafuta ya aina yoyote usilikate wala kulichomelea.
- Diski ya grainda inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Usitoe kifuniko chake, vaa miwani ya kazi (ya jua haifai), na soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye diski.
- Vaa glovu unaposhika bati lililokatwa kwa mkasi, ukingo wake ni wembe. Kwenye grainda, nguo na nywele zisining'inie.
- Funika vioo vya gari, cheche zinaving'ata. Tenganisha betri kabla ya kuchomelea.
- Chesisi, na sehemu zinazoshika mikanda ya usalama, mwachie fundi mwenye ujuzi. Vyuo vya VETA vinafundisha kazi za bodi, uliza cha mkoa wako.
- Watoto wakae mbali. Wewe, mke au mume, kaa karibu na useme unachokijua.

Sakafu tulinunulia bati jipya. Karatasi ya boksi niliishika mimi, yeye akachora. Pikapu inabeba alizeti ya mama sasa, kiraka kimoja kimepinda kidogo, na tumekiacha hivyo hivyo.

Unguja bado tunadaiwa. Safari hii tunapanga wote.