Taa Juu ya Tinderet: Namna ya Kuripoti Ulichokiona Angani

Mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha kahawa huko Kipkelion huiona anga ambayo mkazi wa Nairobi ameshaisahau. Mji huu wa reli, uliojulikana zamani kama Lumbwa, hulala mapema, na mawingu yakitawanyika nyota hujaa kuanzia vilima vya Tinderet hadi upande wa Londiani. Walinzi, wapeleka maziwa wa alfajiri na abiria wanaongoja matatu ndio huwa wa kwanza kuona mwanga wasioujua. Ushahidi wao ni wa thamani, lakini huharibika upesi pale shahidi anapokimbilia kukipa kitu jina kabla ya kueleza alichokiona.

Siku hizi wengi hushtushwa na msururu wa taa zilizojipanga mstari mmoja, zikipita kimya kisha kutoweka moja baada ya nyingine. Hizo kwa kawaida ni satelaiti za Starlink zilizorushwa siku chache tu kabla. Kundi la kwanza kubwa, satelaiti 60, liliporushwa Mei 2019, watu wa Uholanzi walituma ripoti zaidi ya mia moja za vyombo visivyojulikana. Satelaiti haina taa. Hung'aa kwa sababu jua, ambalo kwetu limeshazama, bado linaimulika kule juu, na ikiingia kwenye kivuli cha dunia huzimika ghafla. Ndiyo maana misururu hiyo huonekana jioni, kati ya saa moja na saa mbili hivi, au kabla ya mapambazuko, na ni nadra sana usiku wa manane.

Zuhura, sayari inayong'aa kuliko zote, hudanganya kwa njia nyingine: hukaa palepale, na mtu akiitazama akiwa ndani ya gari huona kana kwamba inamfuata. Ndege hujitambulisha kwa taa zinazopepesa. Kimondo hupita kwa sekunde chache tu.

Moto unaokwenda polepole, ukimeguka vipande na kudumu dakika nzima au zaidi, ni jambo jingine. Huenda ni masalia ya roketi au satelaiti yanayorudi duniani. Mapema Januari 2025 watu wa kusini mwa Ethiopia waliona moto wa namna hiyo ukikatiza anga, na siku chache tu kabla ya hapo Kenya ilikuwa imepata tukio lake. Tarehe 30 Desemba 2024, mchana, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Wanakijiji waliwaarifu wenye mamlaka, na Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa mwaka 2017, likafika na kuichukua. Uchunguzi wa awali ulionyesha kuwa ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Bila wanakijiji wale kutoa taarifa mapema, kazi ya wataalamu ingekuwa ngumu zaidi.

Macho hudanganya hata ya watu makini. Machi 1968 mabaki ya Zond 4, chombo cha Kisovieti, yaliungua juu ya Marekani. Wengi walieleza vizuri: mioto kadhaa yenye mikia. Wengine waliiunganisha mioto hiyo akilini, wakaripoti chombo kirefu chenye madirisha yanayowaka, tena kinachopita karibu na ardhi. Hawakuwa waongo. Usiku hauna kipimo cha umbali, na akili huziba pengo hilo yenyewe.

Kwa hiyo ripoti nzuri huanza na vitu vinavyopimika. Tazama saa kwenye simu papo hapo. Shika alama mbili, pale mwanga ulipotokea na ulipopotelea: mti fulani, paa la kanisa, mlingoti wa simu. Nyoosha mkono na ukunje ngumi. Upana wa ngumi hiyo ni nyuzi kumi hivi, na kutoka upeo wa macho hadi utosini ni ngumi tisa. Ukipiga video, acha paa au mti uonekane, maana nukta nyeupe kwenye weusi mtupu haimsaidii mchunguzi. Andika kama kulikuwa na sauti, na ilichukua muda gani kufika. Fanya hivyo kabla ya kuzungumza na jirani, kwa kuwa hadithi mbili zikishachanganyika hazitenganishwi tena.

Marubani walilijua hili zamani. Asubuhi ya 19 Februari 1951, ndege ya East African Airways ilikuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa pale Kapteni Jack Bicknell na wenzake walipoona kitu kinachong'aa juu ya Kilimanjaro. Aliarifu uwanja wa ndege wa Eastleigh, Nairobi, kwa redio wakiwa bado angani. Watu hawajakubaliana hadi leo kilikuwa nini, lakini siku, njia na mashahidi vilihifadhiwa.

Ripoti ya Kipkelion ina uzito zaidi ikikutana na ya kwingine. Moto ulio kilomita 80 juu, ukionekana ngumi mbili tu kutoka upeo wa magharibi, uko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo, ng'ambo ya Kisumu. Mtu wa Kisumu akitaja upande aliouona yeye, mistari miwili ikichorwa kwenye ramani hukutana mahali pa kutafuta.

Kitu kikianguka kweli, kisiguswe, maana mafuta ya roketi yaweza kuwa sumu. Chifu au polisi waarifiwe, nao wawasiliane na Shirika la Anga za Juu. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unaibebesha nchi iliyorusha chombo dhamana ya hasara kinayosababisha ardhini, hata bila uzembe kuthibitishwa. Lakini kwanza lazima ijulikane ni chombo cha nani, na wataalamu hutafuta hilo kwa kulinganisha njia za vyombo vinavyofuatiliwa na saa pamoja na upande ambao shahidi aliuandika usiku ule.