Rubavu: Kodi inayokatwa kwenye malipo ya mkandarasi mdogo huhesabiwaje?

Mji wa Gisenyi umekuwa ukijengwa upya kwa sababu ambazo wakazi wake hawakuzichagua. Mei 2021, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka upande wa Kongo, mitetemeko ya ardhi ilipasua nyumba na majengo ya biashara. Miaka miwili baadaye, usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mto Sebeya ulifurika na kuyasomba makazi ya watu. Ukiongeza hoteli na nyumba za wageni zinazojengwa kando ya Ziwa Kivu, utaona kwa nini wilaya ya Rubavu haikosi mafundi.

Kazi kubwa hupewa mkandarasi mkuu, naye huigawa: huyu hupanga mawe ya volkano kwenye msingi, yule huezeka, mwingine huvuta nyaya za umeme. Hawa wa ngazi ya pili, wakandarasi wadogo, mara nyingi hukubaliana bei kwa mdomo au kwa karatasi ya ukurasa mmoja. Siku ya malipo inapofika, fedha zinazoingia mkononi huwa pungufu, na jibu wanalopewa ni neno moja tu: kodi. Ni haki yao kuuliza ni kodi gani, ni asilimia ngapi, na imekatwa juu ya kiasi kipi.

Kinachozungumzwa hapa ni kodi ya zuio, yaani sehemu ya malipo ambayo mlipaji huizuia na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato ya Rwanda, RRA, kwa niaba ya aliyefanya kazi. Sheria ya kodi ya mapato ya Oktoba 2022 haina kiwango maalumu cha wajenzi. Inaangalia mambo mawili: nani anayelipa, na hali ya kikodi ya anayelipwa.

Tuchukue mfano wa ankara ya faranga milioni 5 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, inayojulikana zaidi hapa kwa jina la TVA. Katika fedha hizo, milioni 3 ni za mawe, saruji na mchanga, na milioni 2 ni za kazi. Ikiwa mkandarasi mdogo hajasajiliwa katika mamlaka ya kodi, au amesajiliwa lakini hana tamko la karibuni la kodi ya mapato, mkandarasi mkuu anatakiwa kuzuia asilimia 15. Hiyo ni faranga 750,000. Fundi aliyetarajia faida ya faranga 500,000 katika kazi hiyo amemaliza msingi mzima na kubaki na hasara ya 250,000.

Fundi huyohuyo, akiwa na namba ya mlipakodi, TIN, na tamko lake la mwaka limewasilishwa, hakatwi asilimia hiyo 15. Mkandarasi mkuu wa sekta binafsi humlipa milioni 5 zake zote, na kodi yake huhesabiwa mwisho wa mwaka kwa kufuata faida au mauzo yake.

Wengine hudhani kwamba kutenganisha vifaa na kazi kwenye ankara kunapunguza makato. Kwingineko ni kweli. Nchini Tanzania, sheria huichukulia kazi ya ujenzi kuwa na mafungu matatu ya vifaa kwa mawili ya huduma, na zuio la asilimia 5 kwa mkazi hukatwa kwenye huduma peke yake. Kwa ankara yetu, ni asilimia 5 ya milioni 2, yaani 100,000. Uingereza nayo huwaondolea wakandarasi wadogo gharama za vifaa kabla ya kuwakata asilimia 20, au 30 kwa asiyesajiliwa. Kwa Rwanda hesabu hiyo haimwokoi asiyesajiliwa, kwa kuwa bidhaa zinazouzwa na mtu asiyesajiliwa nazo zimo katika orodha ya malipo yanayokatwa asilimia 15. Njia pekee ya kupunguza kiasi kinachokatwa ni mkandarasi mkuu kununua vifaa mwenyewe, ili ankara ya fundi iwe ya milioni 2 za kazi tu. Hapo zuio linakuwa 300,000. Bado ni nyingi, na kwa maoni yetu kusajiliwa ni nafuu zaidi.

Kiwango cha pili ni asilimia 3, nacho kinahusu zabuni za umma. Wilaya, hospitali au shule ya serikali inapomlipa mshindi wa zabuni, huzuia asilimia 3 ya ankara bila kuhesabu TVA. Kosa la kawaida linatokea hapa. Ankara ya milioni 5, ikiongezwa TVA ya asilimia 18, inakuwa 5,900,000. Asilimia 3 inayostahili ni ya milioni 5, yaani 150,000. Anayekata kwenye jumla yote anafikia 177,000, na faranga 27,000 zimeondoka bila sababu ya kisheria. Mwenye cheti cha kutodaiwa kodi, kile ambacho wengi hukiita kwa Kifaransa quitus fiscal, hakatwi hata hiyo asilimia 3, mradi cheti ni cha mwaka husika.

Anayekatwa asilimia 3 ni yule aliyeshinda zabuni. Mkandarasi mkuu akimwambia fundi wake kwamba naye lazima abebe asilimia 3 kwa kuwa wilaya imekata, huo ni mzigo wa kibiashara anaoushusha kwa mwenzake, na hauna nguvu isipokuwa mkataba wao unasema hivyo. Zuio la mkandarasi mkuu limeandikwa kwa TIN yake, na atalidai yeye atakapofanya hesabu ya mwaka. Fundi hawezi kulidai hata siku moja.

Nasi tusisahau kwamba zuio la asilimia 3 ni malipo ya awali. Kampuni iliyopata faida ya faranga 600,000 hudaiwa kodi ya mapato ya asilimia 28, sawa na 168,000. Ikiwa 150,000 zilikwishazuiwa, kinachobaki kulipwa ni 18,000, na tamko lake hutakiwa kabla ya Machi 31 kumalizika. Ndiyo maana kila anayekatwa anapaswa kudai uthibitisho kwamba makato yamewasilishwa RRA kwa TIN yake. Mlipaji asiyezuia inavyotakiwa hudaiwa kodi hiyo yeye mwenyewe, pamoja na faini, kwa hiyo si busara kumwomba akufumbie macho.

Vibarua wa kutwa wana hesabu yao. Kibarua asiye na ujuzi maalumu, anayeajiriwa kwa siku zisizozidi 30, hakatwi kodi kwenye faranga 60,000 za kwanza za mwezi. Kinachozidi hukatwa asilimia 15. Aliyepata 90,000 hukatwa 4,500. Mwenye wajibu wa kukata ni yule aliyemwajiri, ambaye katika kazi nyingi za Gisenyi ni mkandarasi mdogo mwenyewe.

Wapo pia mafundi wanaovuka mpaka kutoka Goma. Asiye mkazi wa Rwanda hukatwa asilimia 15 ya malipo ya huduma anayoifanya, na wengi hukosea wanapojaribu kupanga bei itakayowabakizia kiasi kamili. Anayetaka kupokea milioni 1 huongeza asilimia 15, akaandika 1,150,000. Zuio la kiasi hicho ni 172,500, hivyo anapokea 977,500. Hesabu sahihi ni kugawanya milioni 1 kwa 0.85, ambayo inatoa 1,176,471. Zuio lake ni 176,471, na milioni inabaki kamili. Kiasi hicho kiandikwe kwenye mkataba, pamoja na maneno yanayosema wazi kwamba ni bei kabla ya kodi ya zuio.