Mashine ya Kushika Mkononi Haioni Kifua Kikuu

Nimeulizwa tena: "Daktari, kwa nini niteme makohozi, na ile mashine ya kushika mkononi inapima mwili mzima kwa dakika moja?"

Haipimi. Kwanza inataka jinsia, umri, urefu na uzito wako, ndipo ushike kijiti cha chuma na karatasi zianze kutoka: ini, figo, mifupa, sumu mwilini. Hakuna tone la damu wala kohozi lililoguswa. Rudi kesho utaje umri wa babu yako, kisha linganisha majibu. Mwenye mashine atasema inasoma mawimbi ya seli. Bakteria wa kifua kikuu hatumi mawimbi ya kutoka mapafuni, kupita mkononi na kwenye waya, hadi kwenye kompyuta. Tena tazama ukurasa wa mwisho: dawa za kurekebisha kila kilichopungua anazo huyohuyo, palepale. Na hasara si pesa tu. Mwenye kikohozi akiambiwa mapafu yake ni safi, anarudi kulala chumba kimoja na wanawe.

Maabara, kipimo cha DNA hakitoi jibu bila kitu kushikana na kitu. Mwaka 1996 Sanjay Tyagi na Fred Kramer walieleza kitambuzi cha DNA kilichojikunja kama pini ya nywele: ncha moja ina rangi ing'aayo, ya pili ina kizimio. Kikijikunja, giza. Kikikuta DNA inayolingana nacho, kinaishika, kinanyooka, rangi inaachana na kizimio, inang'aa. GeneXpert, mashine ya maabara ya kupima kifua kikuu iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, ilianza na vitambuzi vitano vya namna hiyo kwenye kipande cha herufi 81 cha jeni rpoB ya bakteria huyo. Vyote viking'aa, bakteria yupo na dawa ya rifampisini inatarajiwa kumuua. Kimoja kisipong'aa, tunashuku usugu wa dawa hiyo. Yote hayo ndani ya saa mbili.

Basi ukiwa na kikohozi cha wiki mbili, homa, jasho la usiku au unapungua uzito, nenda kituo cha afya cha umma. Tanzania na Kenya, kipimo cha makohozi na dawa za kifua kikuu ni bure. Toa makohozi ya kifuani, si mate. Mtoto asiyeweza kutema anaweza kupimwa kwa kinyesi. Uliwahi kutibiwa kifua kikuu? Sema, maana GeneXpert huona hata DNA ya bakteria waliokufa. Ukiambiwa huna na bado unakohoa, rudi upimwe tena.