Turkana Boy si wa kuuzwa, lakini maziwa yake yanakunywa nani?

Juzi nikiwa kwa matatu kutoka Lodwar kwenda Kakuma, kijana mmoja akanyamazisha gari nzima. “Huyo Turkana Boy si wangemuuza tu? Pesa ichimbe visima.”

Usicheke. Mtu aliyekua akibeba mtungi wa maji, utamwambia nini kuhusu urithi?

Lakini sikiza. Mwili wa huyo mvulana ulizama kwenye tope la kinamasi huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Tope likamtunza hadi 1984, Kamoya Kimeu alipoona kipande kidogo cha fuvu. Leo ni kati ya mifupa kamili zaidi ya binadamu wa kale duniani. Na sheria ya turathi ya 2006 iko wazi: mali ya kale inayofukuliwa ni ya serikali. Ukiuza, unashtakiwa.

Mbuzi ukimuuza, unakula mara moja. Ukimfuga, unakamua. Shida yetu ni kwamba huyu anakamuliwa Nairobi. Mifupa iko makumbusho huko, na kiingilio kinalipwa huko. Sisi tumebaki na jina.

Mafuta ya Ngamia 1 yalipopatikana 2012, tuliahidiwa mengi pia. Ndiyo maana vijana wanataka pesa mkononi, leo.

Kwa hivyo tusiwakemee tu. Wafunzwe kuchimbua, waajiriwe kuongoza wageni, sehemu ya kiingilio irudi huku. Yule kijana wa matatu akilipwa mshahara na urithi wake, atakuwa wa kwanza kuulinda.